Wiki Moja Kondoa: Mwongozo kwa Mtu wa Makamo Anayetaka Kupumzika na Kubadilika Kidogo

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu wa makamo anayeishi Dodoma au mji wa jirani, mwenye kazi ya kumkalisha mezani kutwa, mwenye watu wanaomtegemea, na ambaye kwa miaka kadhaa likizo yake imekuwa ikiishia kwenye misiba, harusi na kusimamia mafundi wa kupaka nyumba rangi. Mimi ni mhasibu, na nilikuwa na miaka 49 nilipokwenda kukaa siku saba Kondoa peke yangu. Nilichokiona huko ni kwamba wiki moja haitoshi kumgeuza mtu, ila inatosha kumwachisha zoea moja au mawili, kwa kuwa mazoea yetu mengi yamefungwa kwenye kitanda kile kile, kiti kile kile na njia ile ile ya kila siku. Ukiviacha vitu hivyo nyuma, zoea hukosa pa kushika. Hatua zote zinazofuata zimepangwa kwa kulifuata jambo hilo.

Hatua ya kwanza: chagua wiki, kisha uiombe kwa maandishi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka, lakini wengi wetu huzila vipande vipande, leo siku mbili za mgonjwa, kesho siku tatu za kipaimara, hadi mwaka unakwisha bila mtu kupumzika. Tenga siku saba zinazofuatana na uziombe mapema. Kwa mtu wa Dodoma, miezi ya Aprili hadi Juni si mizuri kwa sababu ni wakati wa Bunge la bajeti na ofisi nyingi hazina nafasi ya kumwachia mtu. Julai nayo kwa sisi wa vitabu vya fedha ni mwezi wa kufunga hesabu za mwaka ulioishia tarehe 30 Juni. Kuanzia Desemba hadi Aprili mvua hunyesha, na ingawa nchi hupendeza kwa kijani, njia za vijijini huwa tope. Ninachopendekeza ni kati ya mwishoni mwa Agosti na Septemba: anga ni kavu, baridi ya Juni na Julai imekwisha kulegea, na zabibu za msimu wa pili zinauzwa kando ya barabara.

Hatua ya pili: aga nyumbani bila kujieleza sana

Hapa ndipo wengi hukwama. Nilipomwambia baba watoto kwamba nakwenda Kondoa kwa wiki moja, aliniuliza, "Una ndugu gani Kondoa?" Nikamjibu kwamba sina, na ndiyo maana nimeichagua. Alinyamaza kidogo, akauliza tena kama ni maombi au semina, nami nikamwambia kwamba ni kupumzika tu. Hakulipinga, ila nilimwona hana pa kuliweka jambo lenyewe, kwa kuwa kwetu mtu huondoka nyumbani akiwa na sababu inayotajika: kuuguza, kuzika, kuoza au kufuatilia shamba. Usitafute sababu ya uongo, maana ukisema unakwenda kumsalimia shangazi, shangazi atapigiwa simu.

Kabla ya kuondoka, lipa madeni yote ya michango. Makundi ya WhatsApp ya harusi na vikao vya ukoo hayatakuacha salama wiki nzima ukiwa bado unadaiwa. Ukishalipa, unaweza kuyanyamazisha bila mtu kukusema. Acha nyumbani maelekezo yaliyoandikwa kwenye karatasi ya jikoni: umeme ununuliwe lini, mtoto apewe nauli kiasi gani, gesi ya akiba iko wapi. Mtu mmoja tu awe na ruhusa ya kukupigia, tena kwa jambo zito.

Hatua ya tatu: nenda karibu, na uende pasipo ndugu

Kanuni yangu ni safari isiyozidi nusu siku kwa basi. Safari ndefu hula siku mbili za wiki yako na kukurudisha na mgongo unaouma. Kondoa iko kilomita zipatazo 160 kaskazini mwa jiji la Dodoma, kwenye barabara ya kwenda Babati ambayo ilizinduliwa rasmi kwa kiwango cha lami mwaka 2018. Waliopita njia hiyo enzi za vumbi wanajua kwamba zamani nisingethubutu kuiandika kwenye mwongozo wa mapumziko. Anayependa maji anaweza kwenda Singida, ambako ziwa Singidani na ziwa Kindai yako kwenye mji wenyewe, na anayependa vilima anaweza kwenda Mpwapwa. Kwa wageni wa mbali, Dodoma yenyewe inafaa, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme kutoka Dar es Salaam imeifanya safari hiyo kuwa ya saa chache.

Kuhusu ndugu nisieleweke vibaya. Kukaa kwa ndugu ni heri, lakini huko utakuwa mgeni, na mgeni hana amri juu ya saa yake ya kulala, ya kula wala ya kunyamaza. Tafuta nyumba ya wageni ya kawaida, safi, isiyo na baa chini ya dirisha, na uombe chumba cha nyuma kisichotazama stendi. Mama anayesafiri peke yake afike mchana, ajifunge mtandio au kanga kwa kuheshimu mji wenye Waislamu wengi, na amwachie mtu wa nyumbani jina la mahali anapolala.

Hatua ya nne: fedha kwenye bahasha, na mzigo mdogo

Niliandaa bahasha saba, kila moja shilingi 45,000 za chumba, chakula na matembezi ya siku hiyo, na nauli nikaiweka pembeni. Bahasha inashinda simu kwa sababu ikikwisha unaiona imekwisha. Mzigo wangu ulikuwa begi moja: viatu vya kutembelea vilivyokwisha kuzoea mguu, sweta ya usiku, kanga mbili, mafuta mazito ya midomo kwa ajili ya upepo mkavu wa kanda ya kati, daftari, na dawa za presha za siku kumi badala ya saba. Hizo dawa hazina likizo. Usije ukasikia raha ukadhani umepona.

Nunua pia miwani ya kusomea kama bado unaikwepa. Mtu akishavuka miaka arobaini, lenzi ya jicho hukakamaa na kushindwa kuvuta maandishi ya karibu, na hakuna kiasi cha kunyoosha mkono kitakachoirudisha. Mimi nilikuwa nimekwisha kufikia mahali pa kumpa binti yangu anisomee maelekezo ya dawa. Kapime macho kwanza, maana miwani ya kuokota mezani sokoni hailingani na jicho la kila mtu. Kitabu nilichokuwa nimekiacha ukurasa wa kumi kwa miaka miwili nilikimaliza Kondoa kwa siku nne.

Hatua ya tano: chagua mabadiliko yasiyozidi matatu

Andika yote unayotamani kubadilisha, kisha yafute hadi yabaki matatu. Kipimo ni swali moja: je, jambo hili nitaweza kulifanya Jumatatu ya kurudi kazini, saa kumi na mbili asubuhi, maji yakiwa hayatoki? Kufunga siku tatu kwa wiki, kujifunza Kifaransa na kuacha wanga niliyafuta kwa swali hilo. Yaliyobaki kwangu yalikuwa kutolala na simu, kuacha kupaka nywele piko, na kutembea kwa mguu dakika arobaini kila asubuhi.

La piko linahitaji hesabu. Nilikuwa nimepaka kila baada ya wiki mbili tangu nikiwa na miaka 41, na kichwa kilikuwa kikiniwasha siku mbili kila nikipaka. Nywele hurefuka kiasi cha sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo wiki moja haionyeshi kitu zaidi ya mstari mwembamba mweupe kwenye mashina, na mstari huo una sura ya uzembe. Njia iliyonifaa ilikuwa kuacha kupaka mwezi mmoja kabla ya safari, nikifunga kilemba kazini, kisha siku ya pili Kondoa nikaingia kwa kinyozi na kumwambia apunguze zote hadi zilizoota zenyewe. Kijana alizima mashine akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Kufanya hivyo mahali ambapo hakuna anayeijua sura yako ya jana kuna nafuu kubwa, kwa sababu watu wanakutana na mama mwenye mvi na kumwamkia, basi.

Hatua ya sita: zivumilie siku mbili za mwanzo

Hili sikuambiwa na mtu, nami naliandika kwa herufi nzito moyoni: siku mbili za kwanza hazina raha yoyote. Usiku wa kwanza nilimpa dada wa mapokezi simu yangu aichaji kwenye meza yake hadi asubuhi. Saa kumi na moja kasorobo alfajiri niliamka, na kabla akili haijarudi, mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshapita chini ya mto, ukashuka pembeni mwa godoro, ukapapasa sakafu hadi kwenye ndala. Nikauona mkono wangu unatafuta. Nililala chali nikasikiliza adhana, kisha jogoo, kisha mtu anayesukuma mkokoteni wa maji wenye gurudumu linalolia, na nikagundua kwamba sijui nifanye nini na nusu saa. Nilikasirika. Siku hiyo nilishuka mara tatu kuulizia simu kama mtu aliyeacha mtoto kwa jirani.

Siku ya pili ni usingizi. Mwili ukishagundua kwamba hausubiriwi mahali, hudai malimbikizo yake, na unaweza kulala mchana saa tatu nzima ukaamka na kichwa kizito na hatia. Ulale. Usianze matembezi makubwa wala usipange ratiba. Kunywa maji mengi, kula supu, kaa kivulini. Ukiona huzuni imekuingia bila sababu, mwandikie daftari badala ya kuwapigia watu. Kwangu ilipita ilipofika jioni ya siku ya tatu, nikiwa nimekaa kwenye kigoda nikimenya karanga.

Hatua ya saba: starehe ndogo, moja kwa siku

Panga starehe moja tu kila siku, na iwe ya kufanyika polepole. Nikitaja zangu: ugali wa uwele kwa mlenda uliokolezwa karanga, ambao nyumbani hatuupiki kwa sababu watoto wanasema unateleza, asali iliyonunuliwa kwa muuzaji aliyekubali niionje kwanza kwa kijiti, kichane cha zabibu nilichokila chote mwenyewe barazani bila kumgawia mtu, jambo ambalo sikumbuki kulifanya tangu nizae, na kutazama wazee wakicheza bao hadi mmoja akanikaribisha nikae upande wa kivuli.

Starehe iliyonibaki moyoni zaidi ni ya fundi cherehani. Nilikuwa nimechukua kitenge cha Idi ya mwaka juzi pamoja na gauni langu la zamani la kufuatisha, nikampelekea fundi mmoja kwenye baraza ya duka la vyombo. Akaniamkia, "Shikamoo, mama." Nikaitikia. Alilitandaza gauni juu ya meza, akavuta mshono wa kiunoni kwa vidole viwili, akaona alama za nyuzi mahali palipofumuliwa mara ya kwanza, na mahali palipofumuliwa mara ya pili. Kisha akasema kwa adabu kabisa, bila kunitazama, "Sasa mama, nifuate hili gauni au nikupime mwenyewe?"

Nilikaa kimya muda mrefu kuliko swali lilivyostahili. Kwa miaka sita nilikuwa nikishona kwa kipimo cha mtu aliyekuwa na kilo 62, halafu namlaumu fundi. Nikasimama, nikainua mikono, akapitisha futi kamba kifuani, kiunoni na kwenye nyonga, akaandika tarakimu tatu kwa chaki kwenye upande wa nyuma wa kitenge, na mimi sikuziangalia. Gauni lilikuwa tayari baada ya siku mbili. Lina mifuko, na unaweza kuketi ndani yake ukala ukashiba. Kwa hiyo ninashauri: safiri na kitambaa, na uache gauni la kufuatisha nyumbani. Akina baba wafanye hivyo hivyo kwa suruali.

Hatua ya nane: matembezi moja makubwa, siku ya tano

Usiyafanye mapema, kwa sababu magoti yanahitaji siku kadhaa za matembezi madogo kwanza. Nilikwenda Kolo, kiasi cha kilomita 20 kaskazini mwa mji wa Kondoa, kuona michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Yapo mapango na miamba iliyochorwa zaidi ya 150 katika eneo lote, lakini mtu wa makamo asijidai. Chagua sehemu moja na uione vizuri. Anzia kwenye ofisi ya mambo ya kale iliyopo Kolo barabarani, ulipe ada, upewe mwongoza wageni, na ukubaliane mapema kuhusu usafiri, kwa kuwa kutoka barabara kuu hadi kwenye vilima ni mbali na njia ni ya mawe.

Ondoka asubuhi kabla jua halijapanda. Chukua maji lita moja na nusu na fimbo. Kupanda kutakutoa jasho, lakini kinachoumiza magoti ni kushuka, hivyo shuka kwa hatua fupi, upande upande, na umwombe mwongoza wageni atangulie ili usiharakishwe na mtu aliye nyuma. Ukifika kwenye michoro usiiguse na usiimwagie maji ili rangi ing'ae. Wako waliofanya hivyo zamani na madhara yake yanaonekana. Utaona wanyama na watu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, na kwingine michoro myeupe iliyokuja baadaye sana. Uliza kuhusu Mongomi wa Kolo, ambako hadi leo wenyeji huenda kufanya matambiko, na uulize kabla hujapiga picha.

Nilikaa pale chini ya mwamba kama saa nzima. Mwongoza wageni, kijana wa umri wa mwanangu, alichoka kunieleza akakaa naye. Njiani kurudi alinionyesha makorongo yaliyoota miti, akasema kwamba babu yake aliondolewa eneo hilo pamoja na ng'ombe wake mwaka 1979, serikali ilipoamua kuipumzisha ardhi iliyokuwa imemomonyoka, na kwamba mzee alikufa akiwa bado ana kinyongo ingawa majani yalirudi. Nililiandika neno hilo la kinyongo kwenye daftari usiku ule.

Hatua ya tisa: rudi siku moja kabla

Kama unaingia kazini Jumatatu, rudi Jumamosi. Anayefika Jumapili usiku hukuta nguo za kufua, sare za shule na malalamiko ya wiki nzima, akalala na simu mkononi kama alivyokuwa akifanya. Siku hiyo moja ya ziada niliitumia kwa kazi ya kuhamisha vitu: chaja yangu niliitoa chumbani nikaichomeka sebuleni nyuma ya runinga, nikaweka saa ya mezani yenye kengele mahali pake, chupa ya piko nikaitupa ikiwa na nusu yake, na viatu vya kutembelea nikaviweka mlangoni. Waeleze wa nyumbani kwa sentensi moja. Baba watoto alicheka kwanza kuhusu saa, lakini sasa ndiye anayeijaza betri.

Jitayarishe pia kwa majibu ya ofisini. Nilipoingia Jumatatu na kichwa changu kifupi cheupe, mwenzangu wa masijala aliinuka akanishika mikono miwili akasema, "Pole sana, dada. Ni nani?" Kwetu mwanamke akinyoa ghafla huwa amefiwa. Nilimwambia hakuna aliyekufa, na ikabidi nimrudie hilo mara mbili zaidi kabla ya chai, kwa hiyo anayenyoa likizoni awatangulizie watu wawili watatu ujumbe mfupi.

Miezi mitano imepita. Mvi zipo na kuwashwa kumekwisha. Simu hulala sebuleni, isipokuwa siku mbili mtoto alipokuwa safarini. Matembezi ya asubuhi yalinishinda wiki ya tatu tu, kwa sababu saa kumi na mbili kwangu ni saa ya kuandaa chai na kuwahimiza watu. Nikayahamishia jioni, nikishuka daladala vituo viwili kabla ya nyumbani. Hilo nalifanya Jumanne na Alhamisi, na siku nyingine nikiwa nimechoka napanda bodaboda hadi mlangoni.